Betri Nayo Hupumua

(Mazungumzo haya yalisikika redioni kabla ya kuchapishwa hapa.)

Leo sitazungumza juu ya siasa, wala bei ya mahindi, wala mbolea iliyochelewa. Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tunacho nyumbani au garini, tunakiwekea ndoo juu, tunakisukuma kwa mguu, na wengine wetu tunakilalia juu yake usiku kucha bila wasiwasi wowote. Kitu hicho ni betri.

Mwezi wa Julai mwaka jana, saa mbili za asubuhi, nilipata habari kwamba mpwa wangu ameumia huko bondeni na yumo njiani analetwa mjini. Mtu wa kwanza kuniambia alisema amelipukiwa na mtungi wa gesi. Wa pili akasema ni mafuta ya petroli. Nilipofika hospitali nikamkuta amefungwa bendeji jicho la kushoto, shati limetoboka-toboka kama lililoliwa na mende, na mikono ina madoa mekundu. Nikamuuliza, "Mwanangu, ni kitu gani?" Akanijibu kwa sauti ya chini, "Shikamoo mjomba. Ni betri."

Kwa hakika sikumwelewa. Kwa mtu wa umri wangu betri ni kitu kinachokataa kuwaka asubuhi ya baridi, gari likasukumwa na abiria. Sikuwahi kufikiri kwamba ni kitu kinachoweza kulipuka.

Lakini kwanza nikueleze juu ya gari lenyewe. Mpwa wangu ni kijana ambaye hakungoja kuajiriwa. Alinunua Coaster kuukuu iliyokwisha kuchoka kubeba abiria, akang'oa siti zote isipokuwa ya dereva na ile ya jirani yake, akaigeuza kuwa nyumba na duka kwa pamoja. Mbele aliweka kiti cha kinyozi na kioo. Katikati, meza ya kuchajia simu za watu na friji ndogo ya soda. Nyuma kabisa akapiga kitanda cha mbao. Juu ya paa alifunga paneli mbili za umeme wa jua. Chini ya kitanda, ndani ya sanduku la plaiwudi, akaweka betri mbili za maji, kila moja ya ampea 100 kama mafundi wasemavyo, na humo humo sandukuni akaweka inveta na swichi yake. Gari hilo huzunguka nalo minadani: leo Laela, kesho Matai, na msimu wa mpunga hushuka Bonde la Rukwa, Muze hadi Mtowisa. Ananyoa, anachaji simu, anauza soda baridi, na jua likizama anafunga mlango na kulala humo humo.

Gari lililobeba mitambo yake si jambo geni katika nchi yetu. Wazee wanakumbuka magari ya sinema yaliyokuwa yakifika vijijini jioni na kutandika kitambaa cheupe uwanjani. Hata kabla ya hapo, kati ya mwaka 1935 na 1937, kulikuwa na jaribio la sinema lililokuwa na makao yake Vugiri, kule Usambara, na lori lake lilizunguka na mitambo hadi nchi za jirani. Tofauti ni kwamba wale watu wa sinema walipomaliza kazi walikwenda kulala mahali pengine. Vijana wa siku hizi wanalala na mtambo. Siwalaumu. Nyumba ya wageni ni gharama, na gari lisilolaliwa huibiwa tairi. Lakini ukishaamua kulala na mtambo, inakubidi uujue unavyopumua.

Siku ya tatu nilikwenda kulitazama gari likiwa limevutwa hadi uani kwa dada yangu, hapa Mazwi. Nilifuatana na fundi mmoja wa umeme wa magari, mtu mzima ambaye ameshika spana tangu nikiwa bado nafundisha darasa la nne. Kitanda kilikuwa kimepasuka katikati. Betri moja ilikuwa imefumuka upande wa juu kama kopo la maziwa lililofunguliwa kwa kisu, na ukuta wa nyuma wa gari ulikuwa umeoshwa kwa tindikali, rangi inabanduka. Fundi alichuchumaa, akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, tazama hapa. Kijana alikuwa ametoboa tundu."

Na kweli yalikuwapo matundu mawili, kila moja kubwa kama kizibo cha soda. Yalikuwa sakafuni, chini kabisa ya sanduku. Huko juu, kwenye mfuniko ambao ndio ulikuwa ubao wa kitanda, mpwa wangu alikuwa ametandika sponji na kuzungushia mpira wa dirisha ili harufu na baridi visipite. Kwa jinsi kazi ilivyofanywa kwa ustadi, hakuna pumzi ambayo ingeweza kupita hapo.

Nilipomuuliza baadaye, alinijibu kwa uchungu: "Mjomba, mimi sikupuuza. Niliambiwa gesi hushuka chini, ndiyo maana nikatoboa chini."

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo ya leo. Kijana hakuwa mzembe. Alifuata kanuni ya kweli, lakini ni kanuni ya gesi nyingine. Gesi ya kupikia, ile ya mtungi, ni nzito kuliko hewa. Propani, ambayo ni sehemu mojawapo ya gesi hiyo, ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, na butani, sehemu ya pili, inakaribia mara mbili. Ikivuja hutambaa sakafuni kama maji, ikajaa mashimoni, ikangoja kiberiti. Kwa hiyo sanduku la mtungi wa gesi hutobolewa chini. Lakini gesi ya betri ni haidrojeni, nayo ndiyo gesi nyepesi kuliko zote duniani. Ni nyepesi mara 14 kuliko hewa. Hiyo haishuki. Inapanda, inatafuta dari, na ikikuta dari imezibwa kwa sponji na mpira inajikusanya hapo hapo, chini kidogo ya godoro. Gari moja lina gesi mbili, na kila moja inataka mlango wake: moja sakafuni, nyingine darini. Mtu akiijua moja tu anaweza kufa akiamini amejikinga.

Haidrojeni hiyo inatoka wapi? Betri ya gari ya kawaida ni bamba za madini ya risasi zilizotumbukizwa katika maji yenye tindikali ya salfa. Aliyeibuni ni Mfaransa Gaston Planté, mwaka 1859, na pamoja na mambo yote yaliyobadilika tangu wakati huo, ndani yake bado ni risasi na tindikali vile vile. Unapoichaji, umeme unafanya kazi ya kuzigeuza zile bamba. Kazi hiyo inapokaribia kwisha, umeme unaoendelea kuingia haukuti tena cha kugeuza, ni kama mtu anayemimina maji kwenye debe lililojaa. Basi unaanza kuyapasua maji yenyewe: haidrojeni upande huu, oksijeni upande ule. Huko ndiko mafundi wanakoita betri kuchemka. Haichemki kwa moto. Yale mapovu unayoyaona ukifungua vizibo ni gesi hizo mbili zikitoka, na zinatoka kwa kipimo kile kile kinachofaa kabisa kulipuka.

Sasa tupige hesabu, maana hesabu ndiyo iliyonishtua. Betri ya volti 12 ina vyumba sita. Ikiwa imejaa na bado unaisukumia umeme wa ampea 10, kama vile kontrola inapoharibika au kuwekwa vibaya, inatoa haidrojeni kiasi cha lita 25 kwa saa moja. Hapo tunahesabu kwa hewa ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko wetu wa zaidi ya mita 1,700, ambapo hewa ni nyepesi, gesi hutanuka ikazidi hapo. Sanduku la mpwa wangu, ukiondoa nafasi ya betri zenyewe, lilikuwa na hewa ya lita 200 hivi. Haidrojeni huanza kuweza kushika moto inapofikia asilimia 4 ya hewa, yaani katika sanduku lile ni lita 8. Lita 8 hupatikana kwa dakika 20. Na haiishii hapo, kwani inaendelea kuwa ya hatari hadi ifike asilimia 75. Petroli na gesi ya kupikia hazina upana huo. Zikizidi sana hewani hazishiki moto. Haidrojeni inashika karibu kwa kiasi chochote utakachoipa.

Na cheche inayohitajika ni ndogo mno. Ile mitatariko unayoisikia ukivua sweta la sufi usiku wa baridi kavu inaweza kutosha. Swichi ya taa inatosha. Mpwa wangu aliamka alfajiri pale Muze, akainua pembe ya godoro, akapenyeza mkono ili awashe inveta apate kuchemsha maji ya kunyolea. Ndani ya inveta mna swichi ndogo inayojifunga yenyewe kwa cheche. Hakukuwa na moto alioukumbuka. Anasema alisikia mlio mmoja tu, kisha uso ukawa wa baridi. Ile baridi ilikuwa ni tindikali. Moto wake ulikuja baada ya nukta chache.

Dunia imekwisha kulipia somo hili mara nyingi. Watu wengi wamesikia habari za ile ndege kubwa ya Wajerumani iliyojazwa haidrojeni, Hindenburg, iliyoteketea Marekani tarehe 6 Mei 1937, watu 36 wakapoteza maisha. Wachache wamesikia habari za nyambizi ya Kimarekani iliyoitwa Cochino, ambayo Agosti 1949, karibu na Norway, ilizama baada ya milipuko ya haidrojeni iliyotoka kwenye betri zake. Nyambizi ni chombo kilichofungwa kila upande, na watu wake hulala jirani na betri. Ukiifikiri sana, Coaster iliyozibwa madirisha kwa sponji mwezi wa Julai haiko mbali na hiyo.

Nilipokuwa nayawaza hayo, nikakumbuka kwamba sisi wa Ufipa ndio tusiopaswa kabisa kukosea jambo hili. Mababu zetu walikuwa wahunzi mashuhuri. Waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuru za udongo zilizoitwa malungu, ndefu kuliko mtu, na mabaki yake bado yanaonekana huku na huko katika nchi yetu. Jambo la ajabu kuhusu malungu ni kwamba hayakuhitaji mivukuto. Chini kabisa, kuzunguka tanuru, waliacha matundu. Juu waliacha mdomo wazi. Hewa yenyewe iliingia chini na kutoka juu mfululizo, moto ukawaka mchana na usiku bila mtu kupuliza. Mivukuto ilikuja baadaye, katika tanuru ndogo ya kusafishia, iliyoitwa kintengwe. Mzee aliyejenga ilungu alijua kwamba hewa haiingii mahali ambapo haina pa kutokea. Ukiziba mdomo wa juu, matundu ya chini hayana kazi tena, hata kama ni kumi.

Sanduku la betri ni ilungu dogo. Tofauti ni kwamba kwenye ilungu joto ndilo linalovuta hewa, na kwenye sanduku wepesi wa haidrojeni ndio unaovuta. Tundu moja likae chini, upande mmoja, liingize hewa safi kutoka nje ya gari. Tundu la pili likae juu kabisa, upande wa pili, litoe gesi nje ya gari. Nasisitiza maneno "juu kabisa". Si karibu na juu. Kama mfuniko umepinda au una boriti ndani, ile nafasi ndogo iliyo juu ya tundu itabaki imejaa gesi. Fundi yetu aliukata mfuniko mpya kwa mwinamo, upande mmoja ukapanda kiasi cha vidole vitatu, na bomba akaliweka kwenye ile pembe iliyopanda. Bomba likitoka hapo lipande moja kwa moja hadi nje, lisishuke katikati kisha likapanda tena, maana pale linapoinuka kwanza gesi itakaa na kugoma.

Ukubwa wa tundu nao una hesabu yake. Watu wengi hutoboa kwa msumari, au huchomeka mpira wa maji wa nusu inchi wakaridhika. Ziko kanuni zinazotumika Ulaya kwa vyumba vya betri, na ukizifuata kwa betri mbili kama zile, za maji, zinazochajiwa kwa nguvu, unapata kwamba tundu la kuingiza na tundu la kutoa lazima kila moja liwe na eneo lisilopungua sentimita za mraba 34. Mpira wa nusu inchi una kama sentimita moja na robo tu. Bomba la inchi mbili, lile la maji machafu, lina 20, bado halitoshi. Bomba la inchi tatu lina 45, nalo linatosha na kubaki. Inchi tatu si tundu la kuonea haya. Ni kubwa, linaonekana, na majirani watauliza.

Hapo pana jambo moja linalowachanganya watu, nami lilinichanganya. Ziko betri ambazo zimetengenezwa zikiwa na chuchu ndogo ubavuni, na juu yake huvishwa kimpira chembamba kinachokwenda nje. Kimpira hicho kinatosha kwa sababu kinapokea gesi kutoka ndani ya betri yenyewe, kabla haijachanganyika na hewa ya sandukuni. Lakini betri za kawaida zenye vizibo sita hutoa gesi yake kila mahali, na hiyo haiwezi kukusanywa kwa kimpira.

Kuna vijana wanaosema watafunga feni. Si vibaya, ila feni ikiwekwa kwenye tundu la juu ili ivute, gesi yote itapita katikati ya mota yake, na mota nyingi ndogo za bei rahisi zina cheche. Feni ikae chini, isukume hewa safi kuingia. Na hata hivyo sanduku lipumue vizuri bila feni, kwa sababu feni itakufa siku usiyoijua.

Ndani ya sanduku isiwemo inveta, isiwemo kontrola, isiwemo swichi, wala redio, wala soketi ya kuchajia simu. Fyuzi ni lazima iwepo, na iwe karibu na betri, lakini nje ya ukuta wa sanduku. Humo ndani abaki betri na nyaya zake tu, zikiwa zimekazwa barabara, maana waya uliolegea kwenye kichwa cha betri nao hutoa cheche gari likirukaruka kwenye makorongo. Na sanduku lifunguliwe kwa nje ya gari ikiwezekana, ili chumba cha kulala na chumba cha betri visiwe na mlango mmoja. Gari la mpwa wangu lina buti upande wa nyuma. Angeweza kuyafanya hayo tangu siku ya kwanza bila gharama kubwa.

Sasa nirudi kwenye swali ambalo nilimwuliza fundi: kwa nini ilipuka Muze, na si Sumbawanga, ambako gari lilikaa miezi minne bila tatizo? Nilidhani atasema ni bahati mbaya. Akanionyesha kontrola, kile kijisanduku kinachopima umeme wa jua unaoingia kwenye betri. Kilikuwa kimewekwa kuchaji hadi volti 14.7. Kwa baridi yetu ya hapa, hicho ni kipimo cha haki, kwa sababu betri baridi huwa nzito kupokea umeme na inahitaji kusukumwa zaidi. Lakini kila joto linapopanda nyuzi moja, betri ya volti 12 inataka kupunguziwa volti kiasi cha 0.03. Kutoka baridi ya Mazwi hadi joto la Muze, chini ya ule ukuta wa milima ya Lyamba lya Mfipa, ambapo uwanda uko karibu na mita 800 tu, tofauti inaweza kufika nyuzi 20. Zidisha: ni volti 0.6. Kwa hiyo chaji iliyokuwa ya haki huku juu iligeuka kuwa mateso kule chini. Betri zikachemka mchana kutwa kwa siku kadhaa, jua kali, sanduku limezibwa.

Msafiri wa Rukwa anateremka kona kwa saa chache tu akabadilisha majira ya mwaka. Sisi tunavua makoti. Betri haina koti la kuvua. Kontrola nyingi siku hizi huja na kijiwaya chembamba chenye kichwa cheusi, cha kugandishwa ubavuni mwa betri ili kipime joto na kupunguza chaji chenyewe. Kijiwaya cha mpwa wangu tulikikuta bado kimo ndani ya katoni, kimefungwa kwenye nailoni yake.

Na betri zilimwonya. Anakiri kwamba kwa siku mbili alikuwa akisikia harufu ya yai bovu usiku, akafikiri ni dagaa aliyewanunua. Harufu hiyo kwenye betri ni dalili kwamba inachajiwa kupita kiasi na imeanza kutoa gesi ya salfa, ambayo ni sumu. Nayo ina ujanja mbaya: ikizidi, pua inazoea, huisikii tena, ukadhani imekwisha. Ukiisikia, usiwashe kitu wala kuzima kitu hapo karibu. Fungua milango, toka, acha hewa ipite muda wa kutosha, kisha uukate umeme wa jua kutoka mbali, hata kwa kufunika paneli kwa turubai. Vile vile betri inayoomba maji kila juma haina kiu ya kawaida; maji yake yanageuka kuwa gesi.

Utasema, mimi ninayo betri kavu, hayo hayanihusu. Yanakuhusu, ila kwa kiasi kidogo. Ile tunayoiita betri kavu ina risasi na tindikali ile ile, isipokuwa imefungwa na kupewa vali ndogo. Ikichajiwa sawasawa, gesi hurudi kuwa maji humo humo. Ikizidishiwa chaji vali inafunguka, nayo inatema haidrojeni kama wenzake. Tundu lake laweza kuwa dogo, lakini haliwezi kukosekana. Betri mpya za lithiamu, hasa zile za chuma na fosfeti, hazitoi haidrojeni zinapochajiwa kwa kawaida, na kwa mwenye uwezo ni heri kwa gari la kulala. Hata hizo zikipasuka au zikipata hitilafu hutoa moshi wenye sumu unaoshika moto, kwa hiyo nazo zisikae chini ya mto. Bei yake bado inawatoa jasho vijana wa minadani, na wengi wataendelea na betri za maji zilizotolewa kwenye malori. Ndiyo sababu nazungumza juu ya hizo.

Jambo la mwisho ni jicho. Aliyeliokoa jicho la mpwa wangu ni dereva wa lori la mpunga ambaye hakuwahi kusomea uganga. Alimlaza chini, akalifungua jicho kwa vidole, akammiminia maji safi, ndoo baada ya ndoo, mpaka watu wakaanza kumwambia inatosha, na yeye akakataa. Mganga wa hospitali alituambia kwamba ni hayo maji yaliyosaidia kuliko dawa yoyote iliyofuata. Maji safi, mengi, dakika 20 au zaidi, kisha hospitali. Kulikuwa na mama mmoja mwenye nia njema aliyekuwa amekwisha leta mafuta ya kula, na mwingine maziwa. Visitiwe. Magadi yanafaa kumwagwa sakafuni palipomwagika tindikali, si katika jicho la mtu. Na mwenye sanduku la betri awe na dumu la maji safi ndani ya gari, lisilotumika kwa chai.

Jicho lile sasa linaona, ingawa anasema jioni ni kama anatazama kupitia ukungu wa Mbizi.

Mwezi uliopita nilipita uani kwa dada yangu. Gari lilikuwa limesimama likingoja kushuka bondeni. Sanduku jipya la betri liko nyuma kwenye buti, lina mlango wake wa nje, na bomba la inchi tatu limepanda hadi usawa wa paa na kuvishwa kofia ya bati. Inveta imehamia nyuma ya kiti cha dereva. Mpwa wangu alikuwa juu ya ngazi anafunga wavu wa nyaya kwenye mdomo wa bomba. Nikamuuliza wavu ni wa nini. Akasema, "Nyigu, mjomba. Wale wanaojenga kwa udongo. Juma lililopita niliukuta mmoja amekwisha anza kujenga humu ndani." Tundu la chini nalo alikuwa amelizibua vumbi kwa brashi ya kinyozi.